Gobind Singh, Guru wa Kumi

Upande wa kaskazini wa Uhindi iko inchi iitwayo Punjab, maana yake inchi ya mito mitano. Huko ilianza dini ya Wasikhi. Aliyeianzisha ni Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469. Alifundisha kwamba Mungu ni mmoja, na watu wote ni sawa mbele yake. Neno hilo lilikuwa gumu kwa watu wa siku zile. Kwao kila mtu alizaliwa katika tabaka lake: mwana wa kinyozi alikuwa kinyozi, na mtu wa juu hakukubali kula pamoja na mtu wa chini. Lakini wafuasi wa Nanak waliketi chini wote pamoja, wakala chakula kimoja. Mkubwa wao walimwita Guru, ndiyo kusema mwalimu. Walifuatana Maguru kumi, na huyu tunayesoma habari zake ni wa mwisho.

Alizaliwa mjini Patna katika mwezi wa Desemba, mwaka 1666, akaitwa Gobind Rai. Baba yake, Tegh Bahadur, alikuwa Guru wa tisa. Gobind angali mdogo, alipelekwa Anandpur, chini ya milima ya Himalaya. Huko alijifunza kusoma, kupanda farasi na kupiga mishale.

Mfalme mkuu wa Uhindi wakati ule alikuwa Aurangzeb. Alikuwa Mwislamu, naye aliwatawala watu wa dini nyingine kwa ukali. Basi Wahindu wa Kashmir wakaja Anandpur kumlilia Tegh Bahadur, kwa sababu walishurutishwa kuacha dini yao. Dini ile haikuwa yake, lakini alikubali kuwatetea. Akakamatwa, akapelekwa Delhi, na katika Novemba 1675 akakatwa kichwa mbele ya watu. Mfuasi wake mmoja, mtu wa tabaka la chini kabisa, akakichukua kichwa kwa siri, akakificha, akasafiri nacho mpaka Anandpur. Gobind alikipokea kichwa cha baba yake. Alikuwa na umri wa miaka karibu 9, kama mtoto wa mwaka wa tatu wa shule. Tangu siku ile yeye akawa Guru.

Alipokuwa mtu mzima alijenga maboma kuzunguka mji wake. Wafalme wadogo wa milimani walimwonea wivu, wakapigana naye mwaka 1688 huko Bhangani, naye akawashinda. Lakini tendo lake kubwa halikuwa vita.

Katika mwaka 1699, kwa sikukuu ya Vaisakhi, sikukuu ya mavuno, aliwaita Wasikhi wote waje Anandpur. Wakaja wengi sana. Wasikhi wanasimulia ya kuwa Guru alisimama mbele yao na upanga wazi mkononi, akauliza ni nani aliye tayari kumpa kichwa chake. Watu wakanyamaza. Akauliza tena. Wengine wakaanza kuogopa, wakidhani Guru amepotewa na akili. Alipouliza mara ya tatu, akasimama Daya Ram, mtu wa Lahore. Guru akamwingiza katika hema, kisha akatoka peke yake, na upanga unadondosha damu. Akaomba kichwa cha pili. Hapo watu wengi walikimbia, na sisi hatuwezi kuwacheka. Lakini wakasimama wengine wanne, mmoja baada ya mwingine: mkulima, mchota maji, fundi wa nguo na kinyozi. Kila mmoja aliingia katika hema.

Mwishoni Guru akalifungua hema, nao wote watano wakatoka wazima, wamevaa nguo mpya. Wengine wanasema damu ile ilikuwa ya mbuzi. Guru akatia maji katika chombo cha chuma, akayakoroga kwa upanga, na mke wake akatia sukari. Wale watano wakanywa katika chombo kimoja, wa tabaka la juu na wa tabaka la chini. Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Guru mwenyewe akapiga magoti mbele ya wale watano, akawaomba wampe yeye pia maji yale, kama alivyowapa wao. Mwalimu akawa mfuasi wa wafuasi wake.

Kundi hilo liliitwa Khalsa. Kila mwanamume alipewa jina la Singh, maana yake simba, na wanawake jina la Kaur. Hivyo Gobind Rai akawa Gobind Singh. Waliagizwa wasikate nywele, wachukue kitana, bangili ya chuma, suruali fupi na upanga. Jina la Singh limefika hata katika inchi yetu: Kapiteni Gurbachan Singh Salaria, wa jeshi la Umoja wa Mataifa, aliuawa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 5 Desemba 1961.

Baada ya mwaka 1700 vita viliongezeka. Katika mapigano ya Anandpur alikuwako mtu jina lake Kanhaiya, ambaye kazi yake ilikuwa kuwanywesha majeruhi. Askari wakamshitaki kwa Guru kwamba anawapa maji hata adui. Kanhaiya akajibu kwamba hakuweza kuwatenga, kwani katika kila uso aliona uso wa Guru wake. Guru hakumkemea. Alimpa dawa ya vidonda, awapake wote.

Jeshi la mfalme likauzunguka mji miezi mingi, na njaa ikawa kali. Watu 40 wakaandika barua ya kumkana Guru, wakarudi kwao. Mwishoni adui wakaapa kumwacha apite salama. Akatoka usiku, wakati wa baridi, nao wakavunja kiapo, wakamfuata. Wanawe wakubwa wawili walikufa vitani huko Chamkaur. Wadogo wawili, ambao hawajafika hata miaka 10, walikamatwa na kuuawa huko Sirhind kwa amri ya liwali, kwa kuwa walikataa kubadili dini. Nawabu wa Malerkotla, Mwislamu, aliwatetea watoto hao, lakini hakusikilizwa. Na Guru mwenyewe aliokolewa na Waislamu wawili, Nabi Khan na Ghani Khan, waliomvusha katikati ya adui.

Wale 40 walionewa haya na mwanamke mmoja, Mai Bhago, akawarudisha vitani. Walipigana mahali paitwapo leo Muktsar. Guru alimkuta mmoja wao, Mahan Singh, yu karibu kufa. Ombi lake lilikuwa ile barua ipasuliwe. Guru akaipasua mbele ya macho yake.

Aurangzeb alifariki mwaka 1707. Mwaka uliofuata, mjini Nanded, mtu mmoja alimchoma Gobind Singh kwa kisu, naye akafa katika Oktoba 1708. Alikuwa na miaka 41. Hakubakiwa na mwana wa kumrithi. Kabla ya kufa aliagiza kwamba hatakuwako tena mtu wa kuitwa Guru: Guru wao ni kitabu chao kitakatifu, na mambo yao wayaamue wao wenyewe pamoja. Vita havikuisha. Banda Singh, aliyemtuma Punjab, aliuteka mji wa Sirhind mwaka 1710, akauawa Delhi mwaka 1716.

Mpaka leo, katika hekalu la dhahabu la Amritsar, kitabu hicho huletwa kila alfajiri kwa heshima ya mfalme, na usiku hupelekwa chumbani mwake. Pembeni kuna jiko kubwa. Yeyote ajaye, wa dini yoyote, huketi chini pamoja na wengine, akapewa chakula bure.