Habib Saleh wa Lamu na Kibanda cha Langoni

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mwaka huu tumsome mwanachuoni ambaye jina lake hutajwa sana wakati wa Maulidi, lakini wengi wetu hatujui aliwafanyia nini watoto waliokosa mahali pa kukaa na kuandika. Huyo ni Sayyid Saleh bin Alawi Jamalilleil, maarufu kwa jina la Habib Saleh.

Alizaliwa katikati ya karne ya 19 katika kisiwa cha Ngazija, Komoro, katika ukoo wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut. Akiwa kijana alivuka bahari hadi Lamu, katika pwani ya Kenya ya leo, ambako alikuwa na jamaa zake. Alisoma huko, na akajulikana pia kwa tiba ya mitishamba.

Ili tuielewe kazi yake, tuujue kwanza mji wenyewe. Lamu ilikuwa na pande mbili. Mkomani kulikuwa na majumba ya mawe ya waungwana, na elimu ya juu ilikuwa mikononi mwao. Langoni, upande wa kusini, kulikuwa na nyumba za udongo na makuti, walimokaa wageni, maskini, watumwa na watoto wa watumwa. Sasa fikirini: mtoto wa mtumwa angeingiaje katika ukumbi wa bwana wa mama yake, akae mkekani, atoe kibao chake aandike?

Habib Saleh akaenda kukaa Langoni. Jambo hili liliwaudhi baadhi ya wakubwa wa mji, kwani utumwa ulikuwa haujafutwa. Sheria ya kuufuta huko Kenya ilikuja mwaka 1907. Alianza kusomesha nyumbani kwake. Wanafunzi walipozidi kikajengwa kibanda cha udongo na makuti, kisha, karibu na mwaka 1900, Msikiti wa Riyadha, uliopewa jina la msikiti wa Sayyid Ali al-Habshi kule Seiyun, Hadhramaut.

Riyadha ilikuwa pia ribati, yaani mahali pa wanafunzi kulala na kusoma. Wengine humsifu zaidi kwa Maulidi na matwari, na wana haki yao, lakini mimi naiona hekima yake hapa. Siku zile vitabu vya chapa vilikuwa adimu, na aliyetaka kitabu alikinakili kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa. Kazi hiyo yataka mkeka mkavu, mwanga, kitabu cha kunakilia, na muda usiokatizwa na kutumwa dukani. Vitabu vilikusanyika pale Riyadha, vingine kwa kununuliwa, vingine kwa wakfu, vingine kwa kunakiliwa Lamu kwenyewe. Na kitabu cha wakfu, kama mlivyosoma katika fiqhi, hakiuzwi wala hakirithiwi.

Huku kwetu Karagwe na Kyerwa, ambako wafanyabiashara Waislamu walikuwa na kituo pale Kafuro tangu karne ya 19, kibanda cha udongo si kitu cha kusimuliwa. Nimesomesha chini ya mabati ambapo mvua ikianza imla inakwisha, maana hakuna anayesikia. Miaka yangu ya mwanzo niliwakaripia watoto kwa hati mbaya. Siku moja nikakaa nami mkekani, daftari gotini, nikaandika ukurasa mmoja. Hati yangu ilikuwa mbaya kuliko zao! Wiki ile tukamwomba seremala vipande vya mbao vilivyobaki, kila mtoto akapata cha kuweka chini ya daftari, na mistari ikaanza kunyooka. Niliwaomba radhi.

Habib Saleh alifariki katika miaka ya 1930, akazikwa Lamu. Wanawe na wajukuu wakaiendeleza Riyadha, na wanafunzi wakazidi kwenda kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Katika miaka ya 2010 maandiko ya mkono ya Riyadha, zaidi ya 100, yalipigwa picha ili yasipotee kwa unyevu na wadudu. Miongoni mwake yamo yaliyonakiliwa hapo hapo Lamu.

Allah amrehemu. Amin.