Muziki: Wendo Kolosoy, baba wa rumba aliyenyamaza miaka mingi kisha akarudi kuimba

Tarehe 28 Julai 2008, Antoine Wendo Kolosoy alifariki katika muji wa Kinshasa akiwa na umri wa miaka 83. Wengi wanamjua kama baba wa rumba ya Kongo. Wachache wanajua kwamba aliacha muziki akiwa bado na nguvu, akakaa kimya kwa miaka karibu 30, kisha akarudi wakati watu walidhani siku zake zimekwisha.

Wendo alizaliwa mwaka wa 1925 katika eneo la Mushie, ambalo leo ni la jimbo la Mai-Ndombe. Mama yake alikuwa mwimbaji. Wazazi wote wawili walifariki yeye akiwa bado mtoto, akalelewa na wamisionari. Alipokua, alikuwa fundi wa mashine kwenye masuwa za Mto Kongo, na pia bondia. Safarini alibeba gitaa lake na kuwaimbia abiria.

Mwaka wa 1948, huko Léopoldville, yeye na mpiga gitaa Henri Bowane walirekodi wimbo "Marie-Louise" katika studio ya Ngoma. Wimbo huo ulipendwa sana, hata watu wakasema ukipigwa saa sita ya usiku unafufua wafu. Maneno hayo yaliwakasirisha wakubwa wa kanisa na wa ukoloni, na Wendo akafungwa kwa muda huko Stanleyville, Kisangani ya leo. Kifungo hicho hakikumnyamazisha. Pamoja na kundi lake Victoria Bakolo Miziki, alitia alama yake katika miaka hiyo hadi leo wazee wanaiita, kwa Kilingala, "tango ya ba Wendo", yaani wakati wa akina Wendo.

Kilichomnyamazisha ni siasa. Wendo alikuwa rafiki wa Patrice Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961. Katika miaka iliyofuata, na Mobutu alipochukua madaraka mwaka wa 1965, wanasiasa walitaka wanamuziki wawaimbie sifa. Wendo alikataa. Aliona heri akae nyumbani kuliko kuwa ngazi ya kupandia wakubwa. Uamuzi huo ulimgharimu: hakuwa tena na jukwaa, na vijana walikua wakisikiliza Franco na Tabu Ley bila kumjua aliyewatangulia.

Mobutu alianguka mwezi wa Mei 1997. Wendo alikuwa na miaka 72. Kwa usaidizi wa serkali mpya, aliwakusanya wazee wenzake wa Victoria Bakolo Miziki, akaimba tena. Hakujaribu kuiga vijana. Alirudi na rumba yake ya zamani, na "Marie-Louise" ileile, sauti ikiwa imezeeka lakini furaha ikiwa bado mbichi. Alitoa albamu na kuimba barani Afrika na Ulaya. Mtengeneza filamu Jacques Sarasin alimfuata na kamera, na filamu "On the Rumba River" ikazaliwa.

Mwezi wa Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo kati ya urithi wa binadamu. Wendo hakuiona siku hiyo. Lakini inchi ilikuwa imeshapata nafasi ya kumsikia mara ya pili, akiimba wimbo wa ujana wake kwa sababu aliupenda.