Mfahamu Elijah Masinde, mwanasoka aliyewarudisha watu Chetambe

Ukipanda matatu hapa Kitale kwenda Webuye, utapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, halafu utakiona kilima cha Chetambe. Najua hukitazami. Hata mimi nilikuwa napita hapo macho yakiwa kwenye simu, enzi zile naenda chuo ambacho sikumaliza. Elijah Masinde hakuweza kupita hapo hivyo.

Huyu jamaa alizaliwa Kimilili karibu mwaka wa 1910. Fikiria, hiyo ni miaka 15 hivi tu tangu vita vya 1895. Wazee waliokuwa wakimlea walikuwa wameviona kwa macho yao. Wabukusu walikuwa wamejifungia ndani ya maboma ya udongo yenye handaki, kwanza Lumboka, kisha Chetambe. Boma kama hilo lilitosha kabisa kumzuia adui mwenye mkuki. Lakini Hobley, ofisa wa Waingereza aliyekuwa Mumias, alikuja na askari wa Kisudani wenye bunduki, na mzinga wa Hotchkiss. Mamia ya watu walikufa, na ng'ombe wakachukuliwa.

Ngoja nikueleze kitu kuhusu hizo bunduki. Zilizokuwa zimetapakaa Afrika Mashariki enzi hizo ni kama Martini-Henry: unateremsha wenzo, unatia risasi moja, unafyatua, unaanza tena. Moshi wake mweupe unamwonyesha kila mtu pale ulipo. Mwaka huohuo wa 1895, Waingereza wakaidhinisha Lee-Enfield. Hiyo inabeba risasi kumi, baruti yake haitoi moshi mwingi, na askari aliyefunzwa vizuri alitarajiwa kulenga na kupiga mara 15 kwa dakika. Muulize babu yako kuhusu Mark Four. Ni mtoto wa ukoo huo.

Sasa turudi kwa Masinde. Ujanani alikuwa moto uwanjani. Alikuwa nahodha wa timu ya Kimilili, na mwaka wa 1930 akaichezea Kenya dhidi ya Uganda kwenye Kombe la Gossage. Alikuwa muumini wa kanisa la Friends pia, mpaka alipooa mke wa pili akatengwa. Akafanya kazi ya kupeleka hati za mahakama ya kienyeji. Yaani alikuwa mtu wa ndani ya serikali, si mhuni wa kichakani kama walivyokuja kumchora baadaye.

Vita vya Pili vya Dunia vikabadilisha mambo. Vijana wa Kenya walipelekwa hadi Burma na bunduki za Mwingereza mabegani, huku nyumbani wenzao wakilazimishwa kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu. Masinde akaanzisha Dini ya Msambwa, akiwarudisha watu kwa mizimu ya wazee na kutaka wazungu waondoke. Maskwota wa Trans Nzoia, hapa hapa kwetu, waliisikia dini hiyo vizuri sana. Alipopinga amri wazi, alikamatwa, na mwaka wa 1945 akatupwa Mathari na wendawazimu. Kwangu huo ndio ujanja mchafu zaidi wa mkoloni: mtu akidai shamba la babake, basi kichwa chake kina shida.

Alitoka 1947. Kabla mwaka haujaisha akawaongoza maelfu ya watu kupanda Chetambe, wakatoa kafara kwa ajili ya waliouawa 1895. Hakwenda na bunduki. Lakini serikali ilielewa anachofanya: alikuwa anawahesabu wafu hadharani.

Tarehe 10 Februari 1948, umati wa wafuasi wake ulikusanyika Malakisi kulalamikia wenzao waliokamatwa. Polisi wakafyatua risasi. Watu 11 walikufa. Mwaka wa 1895 wazee walikuwa angalau na ukuta wa udongo mbele yao. Hawa walisimama peupe, mbele ya askari wa serikali iliyokuwa na miaka zaidi ya hamsini ya kujinoa. Siku chache baadaye Masinde mwenyewe akanaswa, na mwishowe akapelekwa kizuizini Lamu, mbali na mlima wake kadiri ilivyowezekana.

Ungedhani uhuru ungemfuta machozi. Wapi! Aliachiliwa uhuru ukikaribia, lakini serikali ya Kenyatta nayo ikamfunga, na mwaka wa 1968 ikapiga marufuku Dini ya Msambwa. Bendera ilikuwa mpya, kufuli lilikuwa lile lile. Alisubiri hadi 1978, Moi alipoingia, ndipo akafunguliwa. Hata hapo hakunyamaza, na wakubwa hawakumpenda.

Masinde alifariki 1987. Kufikia wakati huo G3 ya Mjerumani, yenye risasi 20 kwenye magazini, ilikuwa imeshaingia mikononi mwa askari wetu, ingawa Mark Four haikutoweka upesi.