Dk. Gibbon: Daktari aliyepambana na bonge la damu

KILA mgonjwa anayepasuliwa moyo huku mashine ikizungusha damu yake, hunufaika na kazi ya daktari wa Marekani, John Gibbon.

Gibbon alizaliwa Septemba 29, 1903 mjini Philadelphia na kuhitimu udaktari mwaka 1927. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, akiwa Boston, alikesha kando ya mwanamke aliyezibwa mshipa wa mapafu na bonge la damu, akimpima kila baada ya dakika 15. Mgonjwa huyo alifariki dunia baada ya upasuaji. Tangu hapo, Gibbon alidhamiria kutengeneza mashine ya kupokea damu, kuitia oksijeni na kuirudisha mwilini.

Wengi waliona hiyo ni ndoto. Hata hivyo, yeye na mkewe, Mary, walifanya majaribio kwa paka, na mwaka 1935 mashine yao ilimudu kwa muda kazi ya moyo na mapafu ya mnyama huyo.

Mei 6, 1953, Gibbon aliziba tundu katika moyo wa binti wa miaka 18. Kwa dakika 26, uhai wa binti huyo ulitegemea mashine pekee. Lakini adui wa zamani akajitokeza: heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, haikutosha. Damu ilianza kuganda kwenye nyavu za kutilia oksijeni, na mashine ikalazimika kuendeshwa kwa mkono hadi mwisho. Binti alipona.

Wagonjwa wawili waliofuata walifariki dunia, naye akaacha kuitumia. Mwaka 1955, Dk. John Kirklin wa Mayo Clinic aliiendeleza kazi hiyo.

Mwaka 1966, Dk. Paul Hattersley alibuni kipimo kinachoonyesha damu huchukua sekunde ngapi kuganda. Leo kipimo hicho hurudiwa mara kwa mara wakati wa upasuaji. Wataalamu huangalia pia shinikizo ndani ya mashine. Likipanda kabla ya kifaa cha oksijeni, huenda bonge limeanza kujijenga.

Gibbon alifariki dunia Februari 5, 1973 kwa maradhi ya moyo, akicheza tenisi.

Hapa nchini, mashine hizo hutumika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mkazi wa Kisiwa cha Bumbire, wilayani Muleba, huanza safari ya kuifuata huduma hiyo kwa kuvuka Ziwa Victoria. Akishafika, usalama wake hutegemea bonge kugunduliwa mapema, kabla halijafika kwenye ubongo.