Sultani al-Hassan bin Sulaiman na Mawe ya Bahari

Huku kwetu Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa tunaijua nyumba ya tofali la kuchoma, na tunajua tanuri linavyomaliza kuni. Makaa ya mawe ya Ngaka nayo, tangu mgodi ulipofunguliwa mwaka 2011, yamekuwa yakisafirishwa kwenda kuchoma saruji viwandani. Anayejenga hutafuta kwanza kitu cha kujengea, kisha moto wa kukichoma. Katika toleo hili tumewachagulia mtu aliyeshughulika na jambo hilo hilo miaka 700 iliyopita huko Kilwa Kisiwani.

Al-Hassan bin Sulaiman alipokuwa kijana alikaa Aden miaka miwili akisoma, kisha akaenda kuhiji. Aliporudi alimkuta ndugu yake Daud ameshika kiti, naye akamwachia. Alitawala tangu mwaka 1310 hivi hadi yapata 1333, dhahabu ya Sofala ikipitia Kilwa. Ibn Battuta alimtembelea mwaka 1331, akaandika habari za fakiri wa Yemen aliyemwomba nguo zile zile alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Kwa ukarimu huo aliitwa Abul-Mawahib, baba wa vipawa. Habari hiyo wengi wanaipenda, lakini sisi leo tunatazama mawe yake.

Kilwa utajiri wake wa mawe ni matumbawe. Mafundi waliyajua ya aina mbili. Yale magumu ya nchi kavu yalijenga kuta. Yale laini yalikatwa baharini yangali mabichi, yakachongwa upesi kuwa mihrabu na mapambo ya milango, kwani yakikauka huwa magumu. Matumbawe yalipangwa pia juu ya magogo, yakachomwa kuwa chokaa.

Tatizo lilikuwa paa. Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo sababu vyumba vya zamani vya mwambao ni virefu na vyembamba. Al-Hassan hakuridhika. Alijenga Husuni Kubwa juu ya genge la bahari, kasri lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, akaupanua na Msikiti Mkuu. Humo mafundi wake waliziacha boriti mahali pengi, wakachanganya chokaa na vipande vya matumbawe, wakainua kuba na paa za mviringo. (Tukumbuke hata hivyo kuwa Ibn Battuta aliuona mji wenyewe umejengwa kwa miti. Mawe yalikuwa ya wenye nacho.)

Ilikuwa kazi ya kujaribu. Husuni Kubwa haikumalizika. Msikiti nao, ambao nguzo zake zilichongwa kila moja kwa jiwe moja la matumbawe, ulianguka. Tarikhi ya Kilwa inasimulia kwamba kilichosalia ni kile chumba cha kuba alimokuwa akiswali Sultani, na waumini wakakaa miaka mingi bila msikiti wao.

Karne iliyofuata Sultani Sulaiman bin Muhammad aliujenga upya. Safari hii mafundi hawakutafuta jiwe moja refu. Walipanga mawe madogo, wakayashika kwa chokaa, nguzo baada ya nguzo. Nguzo hizo ndizo zinazobeba kuba anazoziona mgeni wa Kilwa hadi leo.