Benjamin Graham: Aliyeupima utajiri kwa miaka mingi

Benjamin Graham, aliyewafundisha wawekezaji kutoipima hisa kwa faida ya mwaka mmoja, alizaliwa London mwaka 1894 na kukulia New York. Baba yake alifariki mapema, na msukosuko wa fedha wa mwaka 1907 ukapoteza akiba ya mama yake.

Kuporomoka kwa soko la hisa mwaka 1929 nako kulimtia hasara kubwa. Mwaka 1934, yeye na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, David Dodd, walichapisha kitabu kilichoshauri kutafuta wastani wa faida ya miaka mitano, saba au kumi, ili neema na shida zipimwe pamoja.

Graham alifariki Ufaransa mwaka 1976. Mwaka 1988, bei ya mafuta ikiwa imekwisha kuanguka, First RepublicBank ya Dallas, mji unaopakana na Irving, ilianguka ikiwa benki kubwa kuliko zote Texas. Wenye hisa waliotegemea faida za enzi ya mafuta waliambulia patupu.

Mwaka huo huo, wachumi John Campbell na Robert Shiller waliuendeleza ushauri wake, wakiondoa athari za mfumuko wa bei katika faida hizo. Kipimo hicho kingali kinatumika. Hata hivyo, kwa benki inayotegemea jimbo moja, wastani usiogusa miaka ya shida hupotosha vilevile.