George Boole: Mwana wa fundi viatu aliyeupa ukweli tarakimu

KILA mara tarakilishi inapoamua iwapo nambari ya siri ni sahihi au la, hutegemea hesabu iliyobuniwa na mtu aliyeaga dunia mwaka wa 1864.

George Boole alizaliwa Novemba 2, 1815, mjini Lincoln, Uingereza. Babake, John, alikuwa fundi wa viatu aliyezipenda darubini na sayansi kuliko kazi iliyomlisha, na hatimaye biashara yake ikaporomoka.

Akiwa na umri wa miaka 16, George alilazimika kuwa mwalimu msaidizi mjini Doncaster ili kuwakimu wazazi na nduguze. Chuo kikuu hakukiona. Alijifunza mwenyewe Kigiriki, Kifaransa na Kijerumani, kisha akazama katika hisabati. Alipofikisha miaka 19 alifungua shule yake Lincoln.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mnamo 1844, Royal Society ya London ilimtunuku medali ya dhahabu. Mwaka wa 1849 aliteuliwa profesa wa hisabati katika chuo cha Queen's mjini Cork, Ireland, bila ya kuwa na shahada hata moja.

Kitabu chake kikuu kilichapishwa 1854. Tangu enzi za Aristotle, mantiki ilikuwa elimu ya maneno. Boole aliigeuza kuwa aljebra. Mtu akichagua maembe mabivu kikapuni, kisha akachagua tena mabivu miongoni mwa hayo, atabaki na yaleyale. Kwa lugha ya hesabu, kitu kikizidishwa kwa chenyewe hakibadiliki. Nambari zinazotii kanuni hiyo ni mbili tu: 0 na 1. Kauli ya kweli akaipa 1, ya uongo 0.

Hakuishi kuyaona matunda. Mwishoni mwa Novemba 1864 alinyeshewa akienda chuoni kwa miguu, akafundisha na nguo zilizolowa. Aliugua mapafu na kufariki Desemba 8, akiwa na miaka 49. Alimwacha mjane, Mary, na mabinti watano, kitinda mimba akiwa hajatimiza mwaka.

Mnamo 1937, Claude Shannon, mwanafunzi nchini Marekani, alidhihirisha kuwa aljebra hiyo yaweza kuongoza swichi za umeme. Kutoka hapo ikaingia katika tarakilishi.

Hata hivyo, mashine haikuupokea urithi huo bila matatizo. Biti moja yatosha kubeba kweli au uongo, lakini kumbukumbu ya tarakilishi husomwa kwa baiti, yaani biti 8 kwa pamoja. Hivyo jibu dogo la ndiyo au la kwa kawaida hupewa baiti nzima, yenye nafasi ya nambari 256.

Katika lugha ya C, 0 ilihesabiwa uongo na nambari nyingine yoyote kweli. Basi 1 na 2 zote zilikuwa kweli, ilhali zikilinganishwa si sawa, na programu iliyosahau hilo ilitoa jibu potovu. Kanuni mpya za lugha hiyo za 1999 zilileta aina maalumu ya thamani: nambari yoyote isiyo 0 ikitiwa humo hugeuzwa kuwa 1.

Mafundi walikuwa wamerejea kwa Boole, kwani 2 ikizidishwa kwa 2 haibaki 2. Aina hiyo ya thamani, katika C na katika lugha nyingine nyingi za programu, hubeba jina la mwana wa fundi viatu wa Lincoln.